Dagaa wa Ijumaa, jumla ya Alhamisi

"Shikamoo dada. Nimejifunza programu mwenyewe kwa miaka miwili, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Tajiri mmoja mwenye mitumbwi Igombe, hapa Mwanza, alitaka programu ya wavuti ambayo karani wake ataingizia ndoo za dagaa na kilo za sangara kwa simu pale pale mwaloni, mitumbwi inapotua. Niliijaribu kwenye kompyuta yangu, ikaenda vizuri. Nilipoiweka kwenye seva, jumla za siku zikaanza kutofautiana na daftari. Ndoo za usiku mmoja zinagawanyika, nyingine Alhamisi, nyingine Ijumaa. Ajabu ni kwamba kosa linakuja na kuondoka. Siku kadhaa hesabu zinalingana kabisa, nashukuru Mungu, halafu linarudi. Tajiri naye alilalamika kuwa hata saa si za kweli. Rafiki yangu akaniambia seva iko nyuma kwa saa tatu, niongeze saa tatu. Niliongeza wakati wa kuhifadhi, tajiri bado akakataa. Nikaongeza tatu nyingine wakati wa kuonyesha, hapo akasema saa sasa ni sahihi. Lakini tarehe zimeharibika zaidi: mstari unasema Ijumaa, jumla yake imeingia Alhamisi. Nina kitabu kinene cha JavaScript, lugha niliyoiandikia programu, na sura ya tarehe nimeisoma mara mbili. Je, ninunue kingine? Nihamie lugha nyingine? Karani ameanza kusema warudi kwenye daftari, na vijana wa mitumbwi wanauliza kuhusu mgao wao."

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma barua yako mara tatu, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeandika kwa mpangilio ulichobadilisha na kilichotokea baada ya kila badiliko. Kutokana na hayo naweza kukuambia mengi bila kuuona msimbo wako. Kitabu chako hakina kosa, lugha yako haina kosa, na seva haikuwa nyuma. Hata zile saa ambazo tajiri alizikataa mwanzoni zilikuwa sahihi. Kilichokuwa na kasoro ni jumla peke yake, na kasoro hiyo haiondoki kwa kuongeza saa tatu.

Tuanze na hilo la kuja na kuondoka, maana ndilo lililokuchanganya na ndilo lililonifungua macho. Chukua kalenda ya mwezi, wa angani, uiweke pembeni ya orodha ya siku zako mbaya. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, na taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa hupumzika na mwaloni hubaki sangara wanaoingia asubuhi. Kwa hiyo kwenye giza karani wako anaandika usiku kucha, na kwenye mbalamwezi anaandika kuanzia asubuhi tu. Kosa lako linaishi usiku. Mwezi ukijaa halina pa kuonekana, unadhani limepona. Ndiyo sababu pia hukuliona kwenye kompyuta yako: nina hakika ulijaribu mchana.

Sasa tuingie ndani. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye saa ya dunia, UTC, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Kompyuta yako iko kwenye saa ya hapa. Karani anapobonyeza kitufe, kinachohifadhiwa ni nukta moja ya wakati. JavaScript huishika nukta hiyo kama namba tu, idadi ya milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC. Namba hiyo haina Ijumaa ndani yake, wala haina Mwanza. Ni ile ile kwa mtu aliye Igombe na kwa mnunuzi wa dagaa aliye Goma, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Siku ya wiki na tarehe huzaliwa pale tu unapoiuliza nukta ile: kwa saa ya wapi?

Programu yako iliuliza swali hilo mara mbili na kupata majibu mawili. Simu ilipoonyesha mstari, iliuliza kwa saa ya hapa, ikajibu vizuri. Seva ilipopiga jumla, iliuliza kwa UTC. Siku ya UTC inaanza wakati sisi tuko saa tisa usiku. Ndoo iliyopimwa saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa seva bado ilikuwa Alhamisi. Ndoo iliyopimwa saa kumi ikawa Ijumaa. Mtumbwi ule ule, safari ile ile, kisu kikapita katikati saa tisa kamili. Na kama uliandika amri ya toISOString halafu ukakata herufi kumi za mwanzo ili upate tarehe, kama wengi wetu tulivyoiga mahali fulani, basi kisu ndicho hicho, kwa sababu amri hiyo hujibu kwa UTC popote ilipo, hata kwenye kompyuta yako. Jaribu saa saba usiku utaona inakupa tarehe ya jana.

Ndipo likaja lalamiko la tajiri, nawe ukaliunganisha na jambo lisilohusiana nalo. Mtumbwi umefika saa kumi na moja alfajiri. Programu yako ikaandika 05:00. Tajiri haoni saa kumi na moja popote, anasema saa ni za uongo. Hakuwa anazungumzia seva kabisa, mdogo wangu. Alikuwa anasoma saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapotoka na kuanza upya linapozama, na wewe ukamwonyesha saa inayoanza usiku wa manane. Tofauti ya hizo mbili ni saa sita. Uliongeza tatu, hakuridhika. Ukaongeza tatu nyingine, zikawa sita, 05:00 ikasomeka 11:00, akafurahi. Tatu na tatu zimekutana na sita kwa bahati. Ukitaka uthibitisho, tazama sangara waliopimwa saa mbili asubuhi: sasa hivi programu yako inawaandika 14:00. Hakuna mtu yeyote mwaloni anayesoma hiyo kama saa mbili. Hamjaigundua tu kwa sababu macho yenu yote yako kwenye dagaa.

Jambo hili la kuwa na mifumo miwili ya saa nalichukulia kwa uzito, kwa sababu liliwahi kumuumiza mtu kupitia kazi yangu. Miaka ya nyuma niliandika programu ya tiketi kwa ajili ya kampuni moja ya mabasi. Tiketi ikachapwa 06:00. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumuuguza mwanawe akaja stendi saa sita mchana, na basi lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ilikuwa sahihi kwa kompyuta na haikuwa sahihi kwa yule mama, na yeye ndiye aliyelipa nauli.

Rudi sasa kwenye saa tatu ulizoongeza wakati wa kuhifadhi. Hizo ndizo hatari zaidi, kwa sababu zimegusa kumbukumbu yenyewe. Zile za kuonyesha ni rangi ya ukutani, unaifuta. Lakini ulipohifadhi, uliichukua nukta ya kweli ukaisogeza mbele saa tatu, huku hifadhidata ikiendelea kuamini kuwa ni UTC. Tangu siku hiyo rekodi zako zinasema kitu hakikutokea wakati kilipotokea. Jumla sasa zinakatwa usiku wa manane wa hapa badala ya saa tisa, kwa hiyo ukadhani umepiga hatua. Skrini nayo iko mbele kwa saa sita, kwa hiyo kila kinachopimwa baada ya saa kumi na mbili jioni kinavaa tarehe ya kesho. Hapo ndipo mstari ukasema Ijumaa na jumla ikasema Alhamisi.

Na hapa nataka ukae kidogo, maana ndipo penye utamu wa swali lako. Kati ya hizo tarehe mbili, ipi inalingana na daftari? Nadhani ni ya mstari. Karani hufungua ukurasa mmoja kwa usiku mmoja na juu yake huandika usiku wa kuamkia Ijumaa. Mitumbwi inatoka jioni ya Alhamisi, inarudi Ijumaa, na yote hayo kwake ni usiku mmoja wenye jina moja. Ndivyo siku ilivyohesabiwa kwa Kiswahili tangu zamani: jua likizama, siku mpya imeingia, na usiku hutangulia mchana wake. Hata leo ukisema usiku wa Ijumaa, mzee wa pwani anaweza kuelewa usiku uliotangulia Ijumaa na kijana akaelewa ule unaoifuata, ndiyo maana tunasema wa kuamkia ili kusiwe na ubishi. Usiku wa manane hauna maana yoyote kwa mvuvi aliye majini na taa. Kwa hiyo hata ukirekebisha seva ikakata siku saa sita usiku kamili kwa saa ya hapa, bado utaupasua ukurasa wa karani vipande viwili.

Tarehe ya kalenda na tarehe ya kazi ni vitu viwili. Hapo ulipokwama, kitabu chochote cha lugha kisingekutoa, kwa sababu jibu halimo kwenye lugha. Liko kwenye daftari la karani.

Ninachokushauri ni hiki. Kabla ya lolote, chukua nakala kamili ya hifadhidata, uihifadhi mahali pengine, na ujaribu kuirejesha ili ujue kweli inarudi. Kisha ondoa saa tatu zote mbili. Rekodi zilizoingia kabla ya badiliko lako ni nzima, usiziguse. Zilizoingia baadaye zirudishe nyuma saa tatu, mara moja tu. Mpaka kati ya makundi hayo mawili utafute kwa namba ya rekodi, usitumie muda wake, kwa kuwa muda ndio ulioharibika. Kama unatunza historia ya msimbo kwa Git, itakusaidia kukumbuka ulibadilisha lini, ingawa siku uliyobadilisha na siku uliyopandisha kwenye seva zinaweza kutofautiana.

Ukishasafisha, ongeza safu mpya kwenye jedwali. Ipe jina la wazi, usiku_wa_kuamkia, na aina yake iwe tarehe tupu isiyo na saa. Kanuni ya kuijaza ni rahisi: chukua nukta ya wakati, isome kwa saa ya eneo la Africa/Dar_es_Salaam, na kama ni saa kumi na mbili jioni au baada ya hapo, andika tarehe ya kesho, kama ni kabla, andika ya leo. Unaona kuwa hiyo ni sawa na kuongeza saa sita kisha kuchukua tarehe, kile kile skrini yako ilichofanya kwa ajali. Tofauti ni kwamba sasa inafanyika mahali pamoja, ina jina, na nukta ya kweli imebaki haijaguswa. Jumla zote zipigwe kwa safu hiyo. Lakini mpaka wa saa kumi na mbili ni dhana yangu tu niliye mbali. Muulize karani mitumbwi hutoka saa ngapi, na sangara wa alasiri wanaandikwa ukurasa upi. Mpe pia uwezo wa kuirekebisha tarehe hiyo mwenyewe, maana kutakuwa na mtumbwi uliochelewa kwa dhoruba na yeye ndiye atakayejua ni wa usiku upi.

Utaniuliza, kwa nini nisiiweke tu seva kwenye saa ya Tanzania? Unaweza. Nchi yetu haibadilishi saa kwa majira kama Ulaya, kwa hiyo saa tatu ni tatu mwaka mzima. Watu wengi hapa wamefanya hivyo na mambo yao yanakwenda. Mimi sipendi, kwa sababu usahihi wa hesabu unakuwa umefichwa kwenye mpangilio wa mashine. Siku utakapohamia seva nyingine, au mwenye seva akiisuka upya, kosa litarudi na hutakumbuka lilikotoka. Acha seva kwenye UTC, na katika msimbo taja jina la eneo kila unapohitaji tarehe. Kama hifadhidata yako ni PostgreSQL, tumia aina ya timestamptz. Jina lake linadanganya kidogo: haihifadhi eneo la saa, inahifadhi nukta kwa UTC na kuigeuza wakati wa kuisoma. Kama ni MySQL, fahamu kuwa TIMESTAMP hugeuza kwenda UTC na kurudi, lakini DATETIME huhifadhi ulichoandika bila kugeuza chochote. Watu wamepoteza majuma kwa kutojua hilo moja.

Kuhusu saa ya kumwonyesha tajiri, mpe saa yake. Usimlazimishe asome 05:00. JavaScript ukiiambia Kiswahili itakupa majina ya siku na miezi, lakini saa haitaigeuza, hiyo utaandika mwenyewe: ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili uchukue baki, na baki ikiwa sifuri andika kumi na mbili. Kisha lazima uweke kipindi, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa sababu saa mbili bila kipindi inaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku. Fanya hivyo kwenye kuonyesha tu. Isiingie kamwe kwenye hifadhidata.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao saa ya Kiswahili huweza kupitia kinyemela. Kama karani huwa anajaza muda kwa mkono pale mtandao unapokatika, kisanduku cha kivinjari kinamtaka 05:00, naye akili yake inasema kumi na moja. Ataandika 11:00 na programu itaamini ni saa tano asubuhi. Tafuta dagaa walioandikwa saa tano asubuhi kwenye hifadhidata yako. Ukiwakuta wengi, umeshajua. Dawa yake ni kumpa orodha ya saa moja hadi kumi na mbili pamoja na kipindi, nawe ugeuze.

Kujaribu usisubiri giza. Andika ile kanuni kama kipande kinachopokea wakati kutoka nje, kisijiulizie chenyewe sasa ni saa ngapi, halafu kipe saa kumi na mbili kasoro dakika moja jioni, kumi na mbili kamili, saa sita usiku, saa nane, saa tisa, na saa mbili asubuhi. Endesha majaribio yale yale kompyuta ikiwa kwenye UTC na ikiwa kwenye saa ya hapa. Majibu yasibadilike.

Sasa vitabu. Usinunue kingine kwa ajili ya tatizo hili. Vitabu vya kiufundi vinavyoagizwa nje ni ghali na najua mkataba wa kwanza haulipi kiasi hicho. Ulichokisoma kuhusu tarehe katika JavaScript kinakuchanganya kwa sababu chenyewe kimevurugika tangu kuzaliwa. Brendan Eich aliitengeneza lugha hiyo kwa siku kumi mwaka 1995, na sehemu ya tarehe ilinakiliwa kutoka Java, pamoja na ule mtindo wa Januari kuwa mwezi wa sifuri. Java wenyewe waliziacha njia nyingi za sehemu hiyo mwaka 1997, JavaScript ikabaki nazo. Mbadala wake, Temporal, ulianza kuingia kwenye vivinjari mwaka 2025, na una aina tofauti kwa nukta ya wakati na kwa tarehe tupu, ile tofauti hasa tunayoizungumza. Kitabu chako kikikuelekeza kwenye Moment, msimbo wa tarehe ulioandikwa tayari na wengine, kwa kazi mpya, ujue kimepitwa: wenyewe walioiandika walitangaza mwaka 2020 kuwa hawaiendelezi tena. Kwa sura nyingine kinaweza kuwa kizuri tu.

Kuhamia lugha nyingine hakutakuponya. Python ina tarehe zenye eneo na zisizo na eneo, na ukizichanganya utalia vile vile. Kilichopo bure na bora kuliko kitabu ni mwongozo rasmi wa hifadhidata yako, sura ya aina za tarehe na saa. Upakue wote siku yenye mtandao mzuri, usome hiyo sura ukiwa na jedwali lako mbele. Kitabu ambacho siku moja kitastahili pesa yako ni cha misingi, cha jinsi hifadhidata zinavyotunza vitu, kwa sababu hicho hakizeeki haraka kama vya lugha. Na mkiwa watatu au wanne pale Mwanza, nunueni kimoja msome pamoja, kila mtu sura yake aieleze kwa wenzake.

Nimalizie na mgao, kwani hilo haliwezi kumalizwa kwa barua. Kama vijana wamelipwa kwa jumla za programu katika siku ambazo usiku uligawanyika, kuna mtumbwi uliopewa pungufu na pengine mwingine uliopewa zaidi. Usisahihishe namba kimya kimya ukiwa peke yako. Nenda mwaloni mchana, kaa na tajiri, karani na mmoja wa vijana, fungueni daftari ukurasa kwa ukurasa pembeni ya rekodi zilizosafishwa, na mpaka mtakapokubaliana daftari ndilo liwe na neno. Kama jumla hizo zimeshaingia kwenye hesabu zilizopelekwa TRA, mamlaka ya mapato, mwambie tajiri amwite mhasibu wake kabla hamjabadilisha chochote. Na ile siku ya kurudisha rekodi nyuma saa tatu, tafuta mtu mwingine mwenye uzoefu akae pembeni yako asome amri kabla hujaibonyeza. Ukikosa mtu, niandikie, unitumie muundo wa majedwali bila majina ya watu wala namba zao za simu, na uniambie usiku mmoja wa giza ambao daftari na programu vinatofautiana. Nitauanzia huo.